Mafunzo ya ualimu wa maigizo kwa wahitimu wa sanaa, Kigoma mjini: yanamfaa nani, na yanapelea wapi

Mafunzo haya ya mwisho wa wiki, yanayofanyika katika ukumbi wa kukodi pale Mwanga, yanamfaa sana mtu wa aina moja: mhitimu wa sanaa za maonyesho ambaye jukwaa analijua, ila hajawahi kukabidhiwa chaki na darasa la watoto 70. Mtu huyo akimaliza atakuwa anajua kuivunja stadi yake vipande vipande mpaka mtoto wa darasa la tano aishike. Anayetaka kujifunza kuigiza asilipe ada, kwa kuwa uigizaji wenyewe haufundishwi hapa. Anayetaka cheti cha kumwajirisha serikalini naye ana njia nyingine, na tutaigusa mbele.

Muda wake ni wiki 14 za ukumbini, Jumamosi kutwa na Jumapili alasiri, zikifuatwa na wiki 6 za mafunzo kwa vitendo shuleni. Washiriki hawazidi 20, na idadi hiyo inaheshimiwa. Ada ni shilingi 450,000 kwa awamu mbili. Nauli ya kwenda shule ya mazoezi haimo, na anayepangiwa nje ya mji atatumia bodaboda kila siku, kwa hiyo aipange mapema kwenye bajeti yake. Vitini ni nakala za nakala, vingine havisomeki kabisa. Omba faili lenyewe ukachapishe mwenyewe.

Haja ya mafunzo ya namna hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, kwa hiyo wasanii waliosomea kazi yao nchini wapo. Sasa mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, una somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi. Somo lipo kwenye ratiba, na msanii yupo mtaani. Kinachokosekana katikati ni ufundi wa kufundisha, na huo hauji wenyewe kwa sababu mtu amecheza maigizo 20.

Wiki tatu za mwanzo ndizo bora kuliko zote. Kila mshiriki anachagua kitendo kimoja anachokifanya jukwaani bila kufikiri, tuseme kuingia jukwaani akiwa na huzuni, kisha anaandika hatua zake kwenye karatasi. Karatasi anapewa mtu ambaye hajawahi kuigiza, na huyo anafanya kilichoandikwa tu, neno kwa neno. Pale anapokwama ndipo mwalimu ameruka hatua. Karibu kila mtu huanza kwa kuandika "ingia kwa huzuni", na agizo hilo halifanyiki. Huzuni ni matokeo ya mambo mengine, na mwanafunzi anayeambiwa ahuzunike atakunja uso na kuinamisha kichwa. Baada ya kusahihishwa mara mbili au tatu karatasi inakuwa na mambo yanayotendeka: umetoka wapi, dakika moja iliyopita umeambiwa nini, unataka nini kwa mtu aliyemo humu, macho yanatua wapi kwanza, uzito umeegemea mguu upi, unasimama umbali gani naye. Hatua sita, kila moja inaweza kufanywa, kutazamwa na kusahihishwa. Wakufunzi wanasimamia zoezi hili kwa subira ya hali ya juu, hawamwandikii mtu jibu.

Hapo hapo linafundishwa andalio la somo, yaani mpango wa kipindi ulioandikwa, kwa muundo wanaoutumia walimu wa shule. Wasanii wengi hulichukia andalio kwa kuliona pingu. Mafunzo haya yanawaonyesha kwamba kila msanii anayeongoza mazoezi huwa nalo kichwani, na kwamba mkuu wa shule asiyeliona mezani hatakuruhusu kuwatoa watoto uwanjani. Hoja zote mbili ni za kweli, na ya pili ndiyo inayowasaidia zaidi wakifika kazini.

Kipengele cha sauti kinafundishwa vizuri na kwa tahadhari. Miguu upana wa mabega, magoti yasikazwe, kiganja kimoja chini ya mbavu. Hewa inaingia kwa pua kwa hesabu ya 4, mabega yakitulia, na kutoka kwa "sss" kwa hesabu ya 8, halafu 12, halafu 16. Raundi tatu zinatosha. Mwalimu akiendelea, watoto huona kizunguzungu kwa kuwa wamepumua kwa kina kuliko mwili ulivyohitaji, na ikiwa ni saa nne asubuhi na uji haujapikwa, mmoja au wawili watakaa chini. Wavulana wanaovunja sauti wanaambiwa waseme kwa kimo kinachowajia bila kukaza, wasilazimishwe kupanda. Jambo ambalo halimo, na linapaswa kuwemo, ni bati. Kigoma mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwezi wa tano. Ikipiga paa la darasa lisilo na dari, hakuna sauti ya mtoto itakayosikika, na mwalimu anayepigania kipindi chake kwa kupayuka atakauka koo kwa wiki nzima. Kila mwalimu wa maigizo huku anahitaji masomo matatu ya vitendo bila maneno yaliyokwisha kuandaliwa, yakingoja siku hiyo. Wakufunzi waliotoka miji yenye kumbi nzuri hawalifikirii hili.

Ukumbi wenyewe una sakafu ya saruji na kuta tupu, na sauti inarudi. Hilo limegeuzwa kuwa somo lenye manufaa: washiriki wanafundishwa kupunguza kasi na kutamka mwanzo na mwisho wa kila neno, kwa sababu katika chumba chenye mwangwi tofauti ya "atakuja" na "hatakuja" hupotea, na igizo zima linaweza kuwa limening'inia hapo. Wanajifunza pia kumpima msemaji kutoka safu ya nyuma, pale mtazamaji wa mwisho atakapoketi.

Tukija kwenye darasa kubwa, hapa ndipo mafunzo yanapotofautiana na warsha nyingi za siku tatu ambazo washiriki wake wamezoea kufanya kazi na watu 15. Hesabu inawekwa ubaoni siku ya kwanza. Wanafunzi 72 ni makundi 12 ya watu 6. Kila kundi likionyesha kwa dakika 2 na kubadilishana kwa dakika 1, ni dakika 36. Kipindi ni dakika 40. Hakuna utangulizi, hakuna maandalizi, hakuna mazungumzo, na kundi la mwisho linaonyesha wakati kengele ya kipindi kingine imelia. Mwalimu mgeni anafanya kosa hili wiki ya kwanza, anahitimisha kwamba maigizo hayawezekani kwenye shule zetu, anarudi kwenye kuandika maelezo ubaoni.

Njia wanayofundisha ni picha ganda. Kundi linapewa tukio, linajadili kwa dakika 3, kisha linaganda kama picha iliyopigwa, bila kusogea wala kusema, kwa sekunde 20. Makundi 12 yanaonyesha yote kwa dakika 4. Mwalimu anachagua picha mbili zenye mvutano, anamgusa bega mhusika mmoja, naye anasema sentensi moja ya kinachopita moyoni mwake. Kati ya hizo mbili moja ndiyo inayofunguliwa ikawa igizo la dakika 2. Kipindi kinatosha, na kila mtoto ametumia mwili wake. Masharti ni mawili: makundi yapangwe kabla ya kutoka darasani, maana kupangana uwanjani kunakula dakika 10 nzima, na kuwe na ishara moja ya kunyamaza ambayo haitumii sauti ya mwalimu. Wao hutumia mkono ulioinuliwa, kila anayeuona anainua wake. Inafanya kazi ikifanyiwa mazoezi siku ya kwanza peke yake, kabla ya jambo lingine lolote.

Uigizaji wa papo kwa papo unafundishwa kwa kanuni moja ambayo ingefaa kubandikwa kila ofisi ya walimu: usiwaambie watoto waigize jambo lolote wanalotaka. Ukisema hivyo utapata mlevi, mganga na ngumi, kila wiki, kila kundi. Watoto hawakosi ubunifu. Agizo pana mno humfanya mtu akimbilie anachojua kitachekesha. Wape mipaka mitatu: mahali, uhusiano wa wahusika, na kitu ambacho mmoja anakitaka na mwenzake hawezi kumpa. Mwalo wa Kibirizi, mama na bintiye, binti anataka aende shule leo na dagaa hawajaanikwa. Ukitoa hivyo, igizo linajiendesha.

Suala la lugha limeguswa kijuujuu, na ni hasara kubwa kwa mafunzo yanayofanyika Kigoma. Watoto wengi wa vijijini mkoani humu hufikiri na kucheka kwa Kiha. Ukiwataka waanze moja kwa moja kwa Kiswahili cha darasani, mazungumzo yao yanakuwa ya kukariri, na sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, wanaganda kabisa. Dawa inajulikana: tukio liigizwe kwanza kwa lugha ya nyumbani, mwili na hisia vikae mahali pake, kisha lirudiwe kwa lugha ya somo bila kubadilisha mwendo wala nafasi za wahusika. Inaongeza dakika 5 tu. Mkufunzi mmoja aliitaja kwa maneno, ila haikufanyiwa zoezi hata mara moja, na mshiriki asiyezoezwa jambo haendi kulifanya shuleni.

Ngoma imepewa siku moja, na siku hiyo inatosha: miguu peke yake, halafu mikono, halafu wimbo, kisha kuunganisha viwili viwili kabla ya vyote vitatu. Mwalimu anafundishwa kusimama akiwatazama wanafunzi na kugeuza kulia na kushoto kwake mwenyewe, ili yeye akitumia kushoto wao watumie kulia, na macho yake yaone nani amepotea.

Sehemu ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo imejengwa juu ya msingi imara wa hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, wakiwashirikisha wanakijiji kutafiti matatizo yao wenyewe na kuyatengenezea michezo kwa ngoma na maigizo wanayoyajua. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa TUSEME, uliowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyachambua yanayowakwamisha shuleni kwa kutumia sanaa. Mafunzo yanafuata hatua zile zile: kutafiti, kuchambua pamoja na wahusika, kuunda igizo, kuonyesha, kujadili, kufuatilia. Hatua tano za kwanza zimefundishwa kikamilifu. Ya sita, ufuatiliaji, imeachwa kwenye sentensi moja ya kitini. Bila ufuatiliaji kazi yote inabaki burudani ya alasiri moja: wasichana wamesema mbele ya walimu kwamba vyoo havina milango, watu wamepiga makofi, na milango haijawekwa. Baada ya hapo hawatasema tena. Mshiriki anapaswa kutoka hapa akijua nani anaandika makubaliano, nani anayatia saini, na lini kundi linarudi kuuliza.

Mbinu ya Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili, ile ya igizo linalorudiwa ili mtazamaji apaze sauti "simama!" na kuingia kuchukua nafasi ya anayeonewa, inafundishwa kwa wiki mbili, nao wanaifundisha kwa umakini unaostahili. Makosa yanayoiua yametajwa bila kuzunguka. La kwanza ni kumruhusu mtazamaji abadilishe mwonevu: baba mkali anakuwa mpole ghafla, ukumbi unafurahi, na hakuna aliyejifunza afanye nini nyumbani kesho. La pili ni igizo lisilo na njia panda. Kabla ya mwisho mbaya pawe na nafasi tatu angalau ambapo mwonewa angeweza kuchukua hatua nyingine, vinginevyo mtazamaji hana pa kuingilia. La tatu ni mwezeshaji anayehubiri. Kazi yake ni kuuliza "je, hili lingewezekana kwetu?" na kunyamaza. Mkufunzi wa kipengele hiki ndiye bora kuliko wenzake wote. Anapomsahihisha mshiriki humrudisha kwenye tukio lenyewe, hamwambii amekosea.

Upungufu unaotusumbua zaidi ni usalama wa mtoto kihisia. Umepewa saa mbili tu katika wiki zote 14. Mkoa huu una kambi ya Nyarugusu, iliyopokea wakimbizi tangu 1996, na baadhi ya washiriki hufanya kazi na watoto walioona mambo mazito kabla ya kuvuka ziwa au mpaka. Maigizo huyafungua hayo haraka kuliko mazungumzo. Mwalimu lazima ajue mambo manne kwa vitendo. Mtoto haigizi tukio la maisha yake mwenyewe. Anaigiza la mtu wa kubuni mwenye jina jingine. Kila mtoto ana haki ya kukataa sehemu aliyopewa bila kueleza sababu. Kila kipindi chenye tukio zito kinaisha kwa dakika 3 za kuvua uhusika: kujipangusa mabega na mikono, kutaja jina lako halisi kwa sauti, kutaja vitu vitatu unavyoviona chumbani. Na mtoto akifichua ukatili, mwalimu hamhoji wala hamwahidi kutunza siri. Anamfikisha kwa afisa ustawi wa jamii, au anapiga 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto. Haya yalielezwa. Hayakuzoezwa, na kuvua uhusika kulirukwa katika vipindi vya ukumbini vyenyewe, hivyo washiriki waliondoka kila Jumamosi wakiwa wamejifunza kwa macho kwamba kunaweza kurukwa. Siku moja kamili ya vitendo ingetosha kuliponya hili, na tunawasihi waandaaji waitafute hata kwa kupunguza siku za historia ya tamthilia.

Tathmini nayo ina kasoro. Fomu yao ina vigezo vinne vyenye alama 5 kila kimoja: sauti, mwili, kumsikiliza mwenzako jukwaani, na mchango katika kuunda igizo. Vigezo ni vizuri. Tatizo ni kwamba vyote hujazwa siku ya onyesho la mwisho, ambapo mtoto mcheshi huzoa alama, na yule aliyebuni kisa chote akiwa kundini hupata 7. Mwalimu mmoja hawezi kuwatazama watoto 72 kwa siku moja. Awachague 8 tu kila kipindi, bila wao kujua, na baada ya vipindi 9 amewafikia wote wakati wakifanya kazi. Kwa vipindi viwili kwa wiki hiyo ni wiki tano. Mshiriki yeyote anaweza kuitumia fomu ile ile kwa njia hii bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mafunzo kwa vitendo yanasimamiwa vizuri kuliko tulivyotarajia. Msimamizi anakuja mara tatu ndani ya wiki 6, anakaa nyuma, na kila dakika anaandika nani anasema: mwalimu, mwanafunzi mmoja, au makundi. Mwisho wa kipindi anahesabu. Msanii aliyeamini kwamba amewashirikisha watoto anaona kwenye karatasi kwamba amesema yeye dakika 27 kati ya 40, na ziara inayofuata amebadilika bila kugombezwa. Waigizaji wana ugonjwa huu kuliko walimu wa kawaida, kwa kuwa darasa ni watazamaji na wao wamezoea kuwateka watazamaji.

Kuhusu cheti: kinachotolewa hapa ni cha kuhudhuria. Shule binafsi na mashirika yanayofanya kazi na vijana wanaweza kukiangalia. Ajira ya serikali haikitambui. Mhitimu wa shahada anayetaka kuwa mwalimu kamili anahitaji stashahada ya uzamili ya elimu, na kwa aliyeko Kigoma njia ya karibu ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina kituo mkoani na hutoa stashahada hiyo kwa utaratibu wa kusoma ukiwa kazini. Kule utapata saikolojia ya elimu, mitaala na falsafa kwa masomo yote. Hutapata picha ganda wala namna ya kufundisha pumzi. Mwenye uwezo afanye yote mawili, akianza na haya ya Mwanga, kwa kuwa nadharia za kule zitamkuta amekwisha kusimama mbele ya darasa.

Chagua kundi linaloanza Aprili. Wiki 14 zinaisha katikati ya Julai, shule zimefunguliwa, na wiki 6 za vitendo zinakwenda bila kukatizwa. Wanaoanza Januari hufika shuleni karibu na mitihani ya muhula, hupewa vipindi vya marudio badala ya maigizo, na mwanzoni mwa Juni shule zinafungwa. Wanaoanza Julai huangukia Oktoba na Novemba, kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani wa taifa na kelele zote uwanjani zikiwa zimepigwa marufuku. Siku ya kwanza njoo na nguo za kulalia sakafuni, daftari lisilo na mistari, na tukio la kurasa mbili uliloandika mwenyewe lenye wahusika watatu. Hilo tukio utalitumia hadi wiki ya mwisho. Ukiulizwa unataka kupangiwa shule ipi, omba ya msingi yenye madarasa makubwa, hata kama sekondari iko karibu na unapoishi.